Baba Atakaa kwa Nani

Masikio hayana kope, ndiyo maana bibi aliyekaa nyuma yao ndani ya basi aliyasikia yote. Mbele yake alikaa mzee mmoja, fundi cherehani, katikati ya binti yake na mwanawe wa kiume. Walitoka kwa daktari, aliyewaambia kuwa usahaulifu wa mzee ni ugonjwa na utazidi, basi wapange mapema atakaa kwa nani.

“Kwangu,” alisema binti. “Juzi kamshonea mteja suruali, mifuko kaiweka magotini!”

“Na mteja kaipenda,” kaka akajibu. “Wewe dada kutwa uko kazini. Kwangu mke wangu yupo.”

“Mkeo? Si ndiye amemnunia baba tangu alipomharibia gauni la harusi?”

Bibi akainama mbele, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Aliona ajabu watu kumgawana mzee kama kitambaa, na mwenyewe yupo hapo hapo.

Mzee akakohoa. “Mnanikata bila kunipima? Nitakaa kwa mkwe wangu. Mimi ule ugomvi nimeshausahau.”

“Yeye hajausahau, baba.”

“Ndiyo vizuri, mwanangu. Nyumba inataka mtu mmoja anayekumbuka.”

Kaka alicheka mpaka machozi. Dada hakucheka, alimfunga baba yake kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana, kila mmoja kamshika mzee mkono, naye akiwavuta wote wawili kuelekea kwa mkwe. Njia alikuwa bado anaijua.