Historia ya Étienne Mulenda, Dereva Ambaye Siku Ile Alikuwa Mpakani

Wapendwa jamaa, majirani wa kambi hii ya Dzaleka, na ninyi mliotoka Lilongwe alfajiri, familia imenikabidhi karatasi hii mimi Rodrigue, kaka wa mjane, kwa kuwa watoto wa marehemu walijaribu jana kuisoma na hakuna aliyevuka mstari wa pili, hivyo naomba tusikilizane.

Marehemu Étienne Mulenda alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1968, kijijini Mboko, eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi papo hapo Mboko kuanzia 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari Baraka mpaka 1984, ambako hesabu alizipenda na Kifaransa walivumiliana tu, kisha akaenda Uvira kuwa utingo wa malori, na mwaka 1989 akashika usukani mwenyewe.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na dada yangu Cécile, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu, Fidès, Kelly na Pascaline, na wajukuu wanne. Vita vikawatoa kwao, wakapita Tanzania, wakafika hapa Malawi, kambini Dzaleka, tarehe 3 Mei 2003 bila karatasi hata moja, na karani wa kuandikisha, alipokosa cheti, akamwandikia kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1968, kama alivyowaandikia wengi wetu tulioketi hapa, na wakati ule tulicheka tu kwamba kambi nzima ina sikukuu moja.

Mwaka 2009 aliajiriwa udereva na kampuni moja ya malori mjini Lilongwe, familia ikahamia Chilinde, Cécile akawa anashona karibu na soko la Old Town, na kwa miaka kumi marehemu alikwenda na kurudi Blantyre na Beira bila kumkwaruza hata mbuzi. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilimwajiri dereva mwingine, Mulenda wa Uvira, naye Étienne, naye kaandikishwa 1 Januari 1968, wakawa wanaitana majina na kutaniana, hadi Jumanne ya tarehe 6 Juni 2017, lori la yule mwenzake lilipokatika breki kwenye mteremko wa Dedza na kumgonga mwendesha kabaza mmoja, hizi baiskeli za kubeba abiria, ambaye alifariki pale pale. Mwenzake aliacha kazi wiki ile ile, akaenda Afrika Kusini, na hatujasikia habari zake tena.

Mwaka 2019 kampuni ilihamisha rekodi zake za usalama kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta, na watu wawili wenye jina moja na siku moja ya kuzaliwa wakawa mtu mmoja, kwa hiyo tarehe 18 Februari marehemu alinyang'anywa funguo na kupelekwa uani kukaza nati za magurudumu. Aliandika barua ya kupinga, akaandika nyingine, zikafika tano, na zote zikajibiwa kwamba rekodi haina kosa, na madereva wenzake walipokwenda kumtetea, wakaambiwa maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Hapo marehemu, ambaye alikuwa mwerevu kuliko sisi, akafanya kosa ambalo mkimbizi peke yake ndiye angelifanya, mwaka 2020 akaomba ofisi ya kambi imrekebishie kadi iwe na siku yake halisi, akidhani itamtenga na yule mwingine, nayo kampuni ilipoona kadi mpya ikasema mtu anayebadilisha tarehe anakimbia faili lake. Hata hapa kambini wapo walionong'ona, tunawajua, na chai ya msiba wamekunywa, si neno. Kilichomuuma hakikuwa lori, kilikuwa kuzeeka huku maandishi yakisema ameua mtu, na zaidi ya hapo alishindwa hata kwenda Dedza kutoa pole kwa wafiwa, kwa maana angekwenda, kampuni ingesema amekiri.

Mwaka 2022 akagunduliwa ugonjwa wa sukari, ukafuata wa figo, na Mei 2023, wakimbizi waliokuwa mjini waliporudishwa kambini, familia ilirudi hapa na cherehani na furushi la vielelezo vya Cécile vya kukatia nguo, ambavyo kwa miaka yote alikuwa akivikata kwenye karatasi kuukuu za safari alizomaliza mumewe. Tarehe 20 Januari 2025, akimshonea mjukuu gauni, aliweka kielelezo juu ya kitambaa, akaona muhuri, akaita, "Papa Fidès, kuya uone, ile tarehe iko huku, ku mukono ya robe ya mutoto." Nusu ya karatasi ilikuwa mkono na nusu ilikuwa kola, wakaziunganisha kwa pini, zikasema kwamba tarehe 6 Juni 2017 marehemu alipima lori lake kwenye mizani ya mpaka wa Mwanza, huu wa Malawi na Msumbiji, mbali kabisa na Dedza, na sahihi yake ipo.

Afisa usalama mpya wa kampuni, mama mmoja mtulivu, aliipokea kola hiyo bila kucheka, akaandikia mizani, wakamjibu kwamba daftari lao linasema vivyo hivyo, na tarehe 3 Machi 2025 akatia sahihi barua inayofuta ajali hiyo kwenye jina la marehemu na kumwomba radhi. Marehemu aliisoma mara mbili, akasema, "Sasa naweza kwenda," na Jumamosi ya tarehe 8 Machi, miguu ikiwa imevimba, walipanda basi yeye na Cécile hadi Dedza, wakampata Mai Enelesi, mama wa mwendesha kabaza, akakaa naye chini mkekani kutwa nzima kama mfiwa mwenzake. Tangu siku hiyo alilala usingizi ambao dada yangu anasema hakuwa ameuona kwa miaka sita.

Alizidiwa mwishoni mwa Mei, akafariki kwa utulivu Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, katika hospitali ya misheni kule Likuni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fidès.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika nsima kwa siku hizi tatu, kanisa, madereva waliokuja na lori kumleta nyumbani, na mama afisa usalama. Na tunamshukuru Mai Enelesi, aliyeketi pale mbele karibu na mjane, ambaye aliposikia habari alipanda basi peke yake kuja kumlilia Étienne, zikomo mama.

Shemeji, hakuna hapa anayekudai roho ya mtu. Lala sasa, upumzike kwa amani.