Nati za Elinaza

Nani kati yenu amekula ile donati niliyoifunikia kawa pale juu ya stuli? Msitazamane. Marijani, baba mzima, una digrii ukutani na sukari kwenye ndevu, usijifanye unanitafutia dawa. Sikugombezi. Sikuiweka niile, kula siwezi tena. Niliiweka niitazame, kama nilivyozitazama wenzake miaka sita hii, roho ikiniuma kama jino bovu, na leo nataka niwaambie kwa nini, kabla pumzi hii ya kuazima haijarudi kwa mwenyewe.

Sikilizeni, wanangu. Munira, funga dirisha hilo, mtaa huu wa Temeke una masikio marefu kuliko nguzo za umeme. Najat, acha kulia, sijafa. Na wewe Somoe, mke wangu, kaa hapa miguuni, maana mengi unayajua, lakini lile moja hulijui, na ndilo linaloniua kuliko hiki kifua.

Ya mali nayamaliza upesi kwa kuwa mali yenyewe ni fupi. Nyumba hii igawanywe kama dini ilivyoagiza, mwiteni shehe, asitokee wa kujifanya anajua mafungu kuliko kitabu. Kile kipande cha Kimbiji chenye minazi msikiuze hata mkiambiwa barabara inakuja. Barabara ya Kimbiji inakuja tangu mkoloni, na bado iko njiani. Vitabu vyangu ni vya Marijani. Kiti cha kuzunguka kitoeni ukumbini mkakitie moto. Ndiyo, kiti. Habari yote inaanzia kwenye kiti.

Mie mnanijua. Mtoto wa Mzaramo, nilifika Mlimani watu wa ukoo wetu wakidhani Mlimani ni mlima tu, nikavaa ile kofia ya pembe nne, nikatoka nayo hadi kiwanda cha mikate cha umma pale Chang'ombe, Production Officer, miaka kumi na tisa. Niliandika ripoti ambazo nina hakika hakuna aliyezisoma. Na kila asubuhi kulikuwa na kijana wa Upareni, darasa la saba, kazi yake kufagia unga ulioanguka chini, akiniona anasimamisha ufagio: "Shikamoo, Bwana Ofisa." Huyo ndiye Elinaza. Nilikuwaga najibu marahaba bila kumtazama usoni, na naapa kama ningejua, ningemtazama vizuri.

Zikaja hizo siku za soko huria, kiwanda kikauzwa, tukaandikiwa barua. Redundant, with immediate effect, yaani hatuhitajiki tena, kuanzia leo. Kiingereza safi kabisa, sikupata hata kosa moja la kusahihisha, na hilo nalo liliniuma. Tajiri aliyenunua akasema vyombo vya zamani havitaki, kila anayeondoka achague kitu kimoja aende nacho kwake, na tuchague kwa kufuata cheo, mkubwa kwanza. Asubuhi ile mama yenu aliniambia mlangoni, na hapa naomba anikatize kama nasema uongo, aliniambia: "Baba Munira, lile dude la kukatia donati ndilo utuletee. Mie nitakanda, watoto watakaanga." Nikamcheka. Mtu mwenye shahada atoke kiwandani amebeba chombo cha jikoni, barabarani, watu wanaona?

Dude lenyewe lilikuwa chini ya meza, limejaa buibui. Mtaka cha mvunguni huinama, wanangu, na mie digrii ilinikaza mgongo. Nikachagua kiti changu, kile cha kuzunguka, chenye magurudumu. Nikakipakia kwenye mkokoteni, nikatembea nyuma yake taratibu kama nasindikiza jeneza la waziri. Mama yenu akakitazama, akakizungusha mara moja, akasema neno ambalo sitalisahau hata huko niendako: "Kiti hakikaangwi, Baba Munira." Kisha akachukua kopo la maziwa, akalitoboa, akaanza kukata donati moja moja, na kitundu cha katikati kwa kizibo cha soda. Vidole vyake vilivimba mkitazama. Mie nikizunguka ukumbini.

Elinaza alichagua wa mwisho. Akainama.

Baada ya wiki mbili akaja hapa kwetu, mkewe Auleria nyuma yake na kikapu cha maharage ya kwao, na karatasi mbili zenye mafuta alizozikuta zimekunjwa tumboni mwa mashine. "Bwana Ofisa, shikamoo. Imeandikwa kizungu, na mie kizungu changu kinaishia kwenye gudi moningi. Naomba unisomee." Auleria akaongeza, "Tumeona tusihangaike na mafundi, twende kwa msomi." Neno msomi likanipanda kichwani kama tembo la mnazi la asubuhi. Nikavaa miwani.

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoelewa nilichokiacha mvunguni. Pipa la chuma limepangwa vikombe vyenye makali, kila kikombe pembe sita, vimegusana ubavu kwa ubavu kama sega la nyuki, na katikati ya kila kimoja kikombe kidogo cha kutoa tundu. Unga unapita chini yake juu ya mkanda, pipa linazunguka, donati zinatoka safu kwa safu, na kwa kuwa ni pembe sita hakuna hata ukanda wa unga unaobaki katikati. Mama yenu kwa kopo lake la duara alikuwa anabakiza karibu robo, anakanda upya, zinakuwa ngumu, anawauzia walevi. Nilisoma nikameza mate. Elinaza kila sentensi anaitikia "Aisee!" kama yuko kanisani.

Kisha nikafunua ukurasa wa pili, nikausoma kimyakimya mpaka chini, nikaukunja. Akaniuliza, "Na huo, Mzee?" Nikasema, "Huu ni anwani za mawakala wa Ulaya tu, hauna faida kwako. Niachie, nina mkusanyiko wa karatasi." Akasema asante. Auleria akasema Mungu akuzidishie. Maharage tukayala, matamu.

Haukuwa anwani, wanangu.

Ngojeni, nipeni maji. Kidogo. Basi.

Nilitaka nini? Nilitaka ashindwe. Sikutaka afe wala augue. Nilitaka siku moja nimwone amekaa kibarazani kama mie, amelitazama dude lake kama mie ninavyotazama kiti changu. Na kweli mwanzo unga ulimganda kwenye vikombe, donati zinachanika, nikapita pale nikitembea polepole kuliko kawaida. Lakini darasa la saba lile halikubali. Auleria akawa anasimama pembeni ya pipa, anadokoa unga ulioganda kwa vidole huku pipa linazunguka, na kazi ikaenda. Wakafunga na mota.

Siku ya kwanza walipotoa donati zilizonyooka, nilikuwa kijiweni kwa mafundi wa malori. Nikaishika moja juu, nikasema, "Jamani, donati ina pembe? Hii si donati, Elinaza amewakaangia nati! Leteni spana." Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nililala vizuri siku ile. Kesho yake nakuta foleni ya mafundi, mikono ina grisi, kila mtu, "Auleria, nipe nati mbili." "Sista, nati tatu na chai ya rangi." Baada ya mwezi wamechora ukutani kwa rangi nyekundu, NATI ZA ELINAZA, na mwenyewe akaja kunishukuru, amenifungia kumi kwenye gazeti. "Mzee, umenibatizia biashara." Matusi yangu ndiyo yakawa bango lake! Hivi mnaujua uchungu wa kumtukana mtu akanenepa?

Akajenga Goba, kule kwenye vilima, nyumba ina bati la rangi. Akanunua pikapu. Mie kila nikisikia habari yake nzuri nasema mashaallah kwa mdomo, na ndani naungua. Nikamwonea wivu gari lake, nikamwonea wivu kikohozi chake maana hana. Nilimwonea wivu hata jinsi anavyotamka jina langu kwa heshima, kwa sababu mtu aliyefanikiwa tu ndiye anayeweza kumheshimu aliyeshindwa bila kuumia. Wewe Marijani, umemaliza chuo, sasa mwaka wa tatu unapiga miayo na bahasha ya khaki mkononi, Elinaza aliponiomba ukamwangalizie kiwanda chake nilimjibu kwa niaba yako, "Mwanangu si wa kuuza nati." Hukuulizwa. Ulitukana serikali, ukatukana wazungu wa mikopo, kumbe aliyekufungia mlango alikuwa anaiitikia shikamoo yako marahaba kila asubuhi. Nisamehe, baba. Hilo ni dogo. Linakuja kubwa.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, pipa lilimvuta Auleria. Unga ulikuwa umeganda kama kawaida, akapeleka mkono kama kawaida, mota haina macho. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Mlikwenda wote kumtazama hospitali, nami nilikwenda, na alipozingirwa na watu aliwaambia, "Ni uzembe wangu. Mzee huyu alitusomea vizuri kabisa." Akanishika kwa mkono mzima. Nyie mlifikiri nimelia kwa huruma.

Somoe, usiondoke. Kaa.

Ukurasa wa pili uko mvunguni mwa godoro hili, upande wa ukutani. Munira, ingiza mkono. Huo. Upe Marijani. Nitausema mwenyewe kwanza, naujua kwa moyo kuliko nijuavyo Yasini, na hilo Mwenyezi Mungu ataniuliza. Keep hands clear of the drum. Weka mikono mbali na pipa. Never clean the cups while the drum is turning. Usisafishe vikombe pipa likizunguka, kamwe. Jaza unga mkavu kwenye kisanduku cha juu, uchujike kidogo kidogo juu ya vikombe, na unga uliokandwa hautaganda. Mnasikia? Hautaganda. Kisanduku hicho kipo, kimekaa tupu miaka sita, wanatundikia vitambaa. Na pale chini imechorwa kinga ya bati, na vipimo vyake, kitu ambacho fundi yeyote wa Chang'ombe angekichomelea kabla ya adhuhuri.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi namna hiyo. Ningeyasema kabla maharage hayajachemka.

Sasa agizo. Kabla hamjagawana hata kijiko, haki ya mtu itoke kwanza. Maiti hubanwa na haki ya mja, na sala hazimtoi. Mumpelekee Auleria, Elinaza baadaye, maana vidole vilikuwa vyake. Mwambieni yote, na msiseme mzee alisahau, wala mzee alikuwa mgonjwa. Semeni alikuwa na wivu. Kipande cha Kimbiji nimesema msikiuze. Basi akikitaka yeye, ni chake, kimo ndani ya theluthi yangu, nina ruhusa nacho, na Somoe ni shahidi. Wala msimwombe anisamehe. Atasamehe upesi mno, namjua, atasema "yameisha" huku anawawekea chai, na mie hata kaburini nitamwonea wivu roho ile. Mwacheni akasirike. Ni haki yake, asinyang'anywe hiyo nayo.

Marijani, wewe usome kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wote wanaofanya kazi pale. Usiruke mstari. Halafu akikupa kazi, shika.

Radhi zangu... Munira, ninyanyue mto. Radhi zangu nimezifunga na karatasi hiyo. Ikifika, mmebarikiwa, nyie na watakaozaliwa, mle cha halali, mlale usingizi mnono, na mwenzenu akipata mpate na nyie kufurahi, kitu ambacho mie... sikukipata. Isipofika, msinitaje kwenye dua. Somoe. Mikono yako hiyo. Lete niishike. Ningeinama, Somoe. Ningeinama tu.

La ilaha... ngoja. Bado. Sijamaliza.

Mchana huu mashine inafanya kazi. Auleria amewaweka wasichana wanne, wanadokoa kwa vidole kama alivyokuwa anadokoa yeye, kwani nani aliwaambia vingine? Miaka sita aliyejua ni mie peke yangu. Sasa mnajua wanne. Kuanzia pumzi hii, kidole kitakachokwenda pale... ni chenu, si changu. Mbona mmekaa? Mie nitakufa bila kutazamwa. Marijani. Munira. Simameni... nendeni kaizimeni ile mashine.