Jina Ambalo Friedl Hakutaka Kulitoa

Wasikilizaji wapendwa, leo Ijumaa tunamkumbuka Bibi Friedl Katscher wa hapa Carlton, Melbourne. Friedl Katscher, mshonaji wa blauzi, aliyetutoka wiki iliyopita. Wengi wenu mliwahi kugombezwa naye kwa kukata keki vibaya. Poleni, na mimi pia.

Friedl aliwakimbia Wanazi huko Vienna mwaka 1939, yeye na mumewe Poldi. Mama yake, Malwine, alibaki. Hati ya mama ya kusafiri ilikuwa bado. Ikawa bado, bado, mpaka vita vikafunga mlango.

Vita vilipoanza, barua za kawaida zilikatika. Zikabaki za Msalaba Mwekundu: maneno ishirini na tano, hayazidi, na habari za familia tu. Zilichukua miezi. Ishirini na tano, wasikilizaji wapendwa! Mama yake Friedl hakuwahi hata kuomba chumvi kwa maneno machache hivyo. Na bado akatumia matano kati yake kuuliza: "Poldi anavaa fulana ya sufu?" Barua hiyo ilifika Januari, kiangazi cha huku. Lami inayeyuka barabarani, na Poldi amekaa kibarazani miguu ndani ya beseni.

"Mjibu mama," Poldi akasema. "Mwambie navaa mbili."

Mwaka 1942 Friedl akaandika kwamba ni mjamzito. Jibu lilipofika, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, msichana, bado hana jina. Mama aliandika: "Furaha kubwa. Akiwa msichana, mwite Malwine. Jina zuri. Nasafiri karibuni. Usiandike hapa tena. Kuleni vizuri. Mama."

Friedl akakaa kitandani. Mama alikuwa amebakiza maneno tisa. Mama, ambaye hakuwahi kubakiza hata moja.

Na sisi mnatujua. Kwetu Wayahudi wa Vienna mtoto hapewi jina la jamaa aliye hai. Hupewa la marehemu.

"Mama mwenyewe ameomba," Poldi akasema taratibu.

"Mama mwenyewe anajua maana yake! Nikimwita hivyo, nimemzika."

"Na usipomwita, Friedl, umemkatalia."

"Basi nimemkatalia. Atakuja kunigombeza."

Jirani yao, Mama Doyle, Mkatoliki wa Ireland, aliyasikia yote kupitia ukuta. Akaja na supu. "Mpeni langu," akasema. "Noreen. Mimi si ndugu yenu, na sina mpango wa kufa."

Ndiyo maana, wasikilizaji wapendwa, binti wa Kiyahudi wa Vienna aliandikishwa Noreen Katscher. Shangazi wa Poldi aliyekuwa Sydney alisikia akauliza, "Mmembatiza pia?"

Friedl hakuacha kuandika kule alikoambiwa asiandike. Barua zake zikarudi, moja moja, na mihuri juu yake. Kila tarishi wa posta alipopita, aliacha cherehani. Poldi alimkuta mara nyingi mlangoni, uzi ungali mdomoni.

Vita vilipokwisha, jibu likaja kutoka kwa wanaotafuta waliopotea. Malwine alipelekwa mashariki na Wanazi, kambini, kiangazi kile kile cha Vienna alichoandika barua ya mwisho. Hakurudi.

Friedl akakaa matanga chini, kama tunavyokaa, wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akaenda sinagogi, na mbele ya Torati binti yake akapewa jina la Malwine. Mtoto alikuwa karibu miaka minne. Akauliza kwa sauti, "Sasa Noreen ataishi wapi?" Sinagogi zima likacheka. Friedl naye alicheka, akacheka mpaka Poldi akamtoa nje.

Lakini nyumbani hakuwahi kumwita Malwine. Hata siku moja. Noreen aliniambia jana, jikoni kwake: "Nilipokuwa bibi harusi nikamuuliza, Mama, lile jina jingine mbona hulitumii? Alikuwa ananishonea upindo. Hakuinua macho. Akasema, 'Hilo bado nalihitaji. Nalitumia kumwita mwenye jina.'"

Noreen, wewe na watoto wako, tunawapa pole. Mungu awafariji pamoja na waombolezaji wote wa Sayuni. Na ninyi mnaonisikiliza huku unga wa mkate umewashika vidoleni, nyamazeni kidogo kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Mfikirieni yule mnayeendelea kumwita. Kisha wale walio chumba cha pili, waiteni waje mezani. Hao wataitika.