Wazazi Hawajulikani

Benchi letu liko nje ya duka la Fernande, ukutani upande wa jua. Mwezi wa Aprili, barafu ya mtoni inapoanza kukatika, hapo ndipo wastaafu wa kijiji hiki cha Québec tunapomalizia asubuhi zetu, na kahawa tunapewa dirishani. Mzee tunayemwita Kengele aligonga kengele za kanisa miaka arobaini. Gavana hakuwahi kutawala chochote, ila kila hadithi yake lazima ifike kwa gavana fulani. Ovila Pelchat tunamwita Ngazi, maana ni mwaka wa tatu huu anapanda ukoo wake kwenye madaftari ya kanisa: ndoa inakutajia wazazi wa bwana harusi, unatafuta ndoa yao, unapanda tena. Agosti, akina Pelchat mia mbili watakusanyika hapa kuzindua jiwe la babu yao wa kwanza kuvuka bahari kutoka Ufaransa. Asubuhi ninayoisimulia, fundi wa mawe alikuwa anakuja kuchukua maandishi ya kuchonga.

— Jiwe silitaki tena, Ngazi akasema kabla hajakaa.

— Kulikoni? akauliza Kengele.

— Nimekwama kwa Joseph. Ndoa ya 1783. Palipotakiwa wazazi wake, padri kaandika: hawajulikani. Nikatafuta ubatizo. Januari 1760, katoto ka siku moja, kameokotwa mlangoni pa kanisa. Pelchat mmoja mkulima akakachukua. Jina tumepewa tu, jamani. Damu yao hatuna.

— Mwacha asili ni mtumwa, Kengele akasema.

— Hiyo inanisaidia nini?

— Haikusaidii. Imenijia tu.

Gavana akaweka kikombe chini.

— Sikiliza, mzee mwenzangu. 1760 huku walikuwa nani? Waingereza. Walishachoma mashamba ya pwani yote. Huyo ni mtoto wa ofisa wao.

— Mimi, Mwingereza? Baba atafufuka.

— Basi wa ofisa wetu, Mfaransa. Kijana wa nyumba kubwa kule mjini Québec, mtu wa karibu na...

— Usiseme gavana, nikamwambia.

— Wa karibu na gavana. Binti anashika mimba, anafichwa kwa masista, mtoto analetwa kwa sleji ya kukokotwa na farasi juu ya mto ulioganda.

— Kwa siku moja? Kengele akauliza. Farasi gani huyo?

— Farasi wa gavana.

Fernande alicheka dirishani. Ngazi hakucheka.

— Mimi nimeishi na mapadri, Kengele akaendelea. Jiulizeni, kwa nini mlango wa kanisa? Kila ndege hurudi kiotani kwake.

— Unasema sisi ni uzao wa padri?

— Sijasema. Nimesema mlango.

— Afadhali Mwingereza.

Kisha Ngazi akashusha sauti.

— Dada yangu Aurore ana miaka tisini na moja. Ameshakata tiketi ya ndege kutoka Manitoba. Anasema anataka aliguse jina la kwao kabla hajafa. Sasa nimpe jina la watu wengine aliguse?

Gari dogo la mizigo likasimama mbele yetu, akashuka fundi, binti anayeitwa Maëlle, wa ng'ambo ya mto. Mkononi ana futi ya kupimia, na kifuani kamfunga mtoto mchanga.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Mmeniandikia maneno?

Ngazi akamweleza yote upya, uso umemwiva. Maëlle alisikiliza huku akimtikisa mtoto, aliyekuwa ameanza kulialia.

— Kalikuwa na siku moja, baba?

— Moja.

— Januari.

— Januari.

— Sasa kalinyonya kwa nani?

Tukamtazama mtoto kifuani mwake.

— Kwa mke wa Pelchat, Kengele akasema polepole. Labda alikuwa na wake mchanga. Au alikuwa amemzika.

— Alikuwa anaitwaje?

Ngazi akazikunjua karatasi zake magotini. Baba, baba, baba, mpaka chini. Kwenye madaftari yetu mwanamke hubaki na jina la kwao hata kaburini, kwa hiyo alikuwemo; ila Ngazi alipanda kwa wanaume tu, kama wanavyopanda wote. Kidole chake kikatembea ukurasa mzima, kikarudi.

— Nilimsoma, akasema. Nina hakika nilimsoma. Sikumwandika.

Mtoto akaangua kilio. Fernande akafungua mlango.

— Pita ndani, mwanangu, kuna joto. Kiti kiko nyuma ya kaunta.

Ngazi alisimama kumpisha.

— Utanivumilia mpaka Ijumaa, binti?

— Nitakuvumilia. Nipime mistari mingapi?

— Miwili. Wa juu uache wazi, wa jina la mwanamke aliyemnyonyesha.

Akamgeukia Kengele.

— Washa gari. Pale wanapotunza madaftari wanafunga saa sita.