Ng'ombe wa Bronwyn Wauzwe Kabla ya Siku ya Kuhama

Heather mwanangu, funga huo mlango, upepo wa kusini unaingia, kisha vuta kiti ukae karibu na kaka yako. Na wewe Graeme tulia, hata kama unasema una haraka, maana nitakayoyasema leo siyarudii. Daktari kanikataza kusema sana. Yeye ana wagonjwa wengine wa kutii amri zake. Mimi nina pumzi chache, watoto wawili na mjukuu mmoja, na pumzi hizo ni zangu.

Sikilizeni basi. Shamba hili, kuanzia barabarani hadi mtoni, ni la Graeme, kwa sababu ndiye aliyelitolea jasho, na Heather analijua hilo wala hana kinyongo. Heather, wewe chukua nyumba ya Riverton na kila kilichomo, pamoja na ile cherehani ambayo mke wa kaka yako anaimezea mate. Hayo tumekwisha yamaliza kwa wakili. Lililobaki ni la mjukuu wangu Bronwyn, huyu aliyekaa hapo, na ng'ombe wake kumi na mmoja, na hilo ndilo linalonizuia nisife.

Huku kwetu mtoto akianza shule hupewa ndama amlee, amzoeshe kamba, ampeleke shuleni siku ya maonyesho ya ndama, na ndama huyo na kizazi chake huwa mali ya mtoto moja kwa moja. Bronwyn wake alipewa na babu yake, marehemu Colin wangu, akamlea kwa chupa mpaka ndama akawa anamfuata hadi jikoni. Ndama akazaa, mitamba wake nao wakazaa. Sasa msichana ana miaka ishirini na moja, anataka kuwauza akaione dunia, na wewe Graeme, baba yake, umekwisha mtafutia mkataba kwa jirani: shamba la jirani, ng'ombe wa Bronwyn na wengine wa kununua kwa mkopo, pesa ya maziwa wagawane yeye na jirani, miaka mitatu. Mkataba unaanza Siku ya Kuhama, tarehe mosi Juni, wakamuaji wa nchi nzima wanapohamia mashamba mapya na ng'ombe na vitanda vyao. Hiyo ni Jumatatu ijayo. Akitia sahihi, haendi.

Niliwasikia wewe na mwanao jikoni juzi, Graeme. Ukuta huu ni mbao tu. Ukamwambia, "Jenga kwanza, kutembea baadaye. Haba na haba hujaza kibaba." Mtoto akakuuliza, "Baba, na chako kilijaa lini?" Ukasema ng'ombe hao wamekula majani yako miaka yote, kwa hiyo na wewe una kauli. Majani ya nani? Mpaka roho yangu itoke kila jani la hapa ni langu, na mimi sijamdai mtoto hata unyasi mmoja.

Nami niliambiwa hayo hayo. Nilikuwa na ng'ombe saba, kaka yangu Alec alikuwa na wake, baba yetu akataka tuwaunganishe tuanze kukamua pamoja. Nikawapeleka wangu mnadani, nikakata tiketi ya meli ya Uingereza. Alec alisimama uani akaniambia mbele za watu, "Nola, mtembezi hula miguu yake." Nikamjibu, "Na mwenda bure si mkaa bure. Wewe kaa hapo ucheue na ng'ombe wako." Baba hakunisindikiza. Mama alinifungia mikate ya jibini kwenye kitambaa, akarudi ndani.

Nilimwaga vyombo vya haja vya wagonjwa Leeds, nikachuma zabibu Ufaransa hadi mgongo ukakataa kunyooka, nikalala stesheni Naples, nikampenda mwanamume ambaye Colin hakumjua na nyinyi hamtamjua. Heather, usinitolee macho. Nikarudi na sanduku moja na viatu vilivyotoboka. Siwadanganyi, nililipia: Alec alikuwa na shamba lake, mimi nikawa nakamua ng'ombe wa watu miaka mingi kabla Colin na mimi hatujapata hapa, na nyinyi mlivaa nguo zilizowabana watoto wa Alec. Wala Alec hakufa na majuto, kama watu wanavyopenda kusimulia. Alikufa tajiri, ameridhika, kitambi mbele. Kila Krismasi aliniuliza safari ile imenizalia nini, na kila Krismasi nilimwambia hayamhusu. Ningepewa tena wale saba leo, ningewauza tena kesho.

Maana kuna jambo tunalijua sote na tunajifanya hatulijui. Mtu wa mjini akiweka akiba, akiba inalala benki, naye siku akitaka kuondoka anaondoka. Akiba yetu sisi ina kiwele. Inataka kukamuliwa alfajiri na jioni, Jumapili na siku ya mazishi, na kadiri inavyoongezeka ndivyo inavyokufunga. Colin na mimi tulisema tutasafiri ng'ombe wakishazaa; wakazaa, pakawa na ndama wa kulea, pakaja mafuriko, mkaja nyinyi. Kisiwa cha Stewart tunakiona kutoka hapa siku ya mbingu safi, na Colin amekufa hajakikanyaga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye ilimuumiza hadi mwisho.

Na wewe Graeme, nitasema mbele ya mwanao kwa sababu sina siku nyingine ya kusemea. Ujanani ulikuwa na pasi ya kusafiria. Ulikuwa umepata kazi ya kuendesha mashine za mavuno Kanada. Wiki ile mtamba wako mmoja akachelewa kuzaa, nikakuambia nenda, nitamwangalia mimi, ukasema, "Mwakani, Mama." Mtamba alizaa salama. Wewe hujaenda hadi leo. Hukasirikii ng'ombe kuuzwa, mwanangu, unamwonea mtoto wivu, na wivu wa namna hiyo ni mchungu, nakuhurumia kwa moyo wangu wote, lakini sikuachii umfunge kwa kamba iliyokufunga wewe. Kaa chini, sijamaliza. Lia ukitaka, hapa hakuna mgeni.

Nipeni maji.

Haya. Lori la mnada nimelipigia simu mwenyewe, linakuja Alhamisi. Graeme, wewe ndiye utakayewapakia, kwa mkono wako, bila kuwachapa na bila kumnunia mtoto. Wote kumi na mmoja. Msimwekee hata mmoja wa kumvuta nyuma. Akirudi mikono mitupu, asichekwe katika nyumba hii. Atakamua wa watu kama nilivyokamua mimi, na mtu hafi kwa hilo.

Mimi msinipeleke hospitali. Na hili mlishike kuliko yote: nikifa kabla hajaondoka, aondoke. Nikifa yuko njiani, asirudi. Msimngoje kaburini, na yeye asiningoje mimi. Majirani watasema, waseme, shauri lao. Waambieni ndivyo alivyotaka Nola.

Bronwyn, sogea... macho yamefifia. Lete mkono. Mungu akutangulie, mjukuu wangu, akupe wenyeji wema na viatu imara. Usiniletee kitu. Ukinililia, nililie huku unakwenda.

Graeme... jioni imefika, ng'ombe wako getini, nawasikia. Nakubariki na wewe, baba. Nenda ukawakamue.

Bronwyn, unainuka unakwenda wapi? Kaa. Mwache baba yako aende peke yake... aanze kuzoea.