Aliyepika Pondu Ile

Mheshimiwa Bourgmestre wa Komuni ya Tshopo, Bwana Mkurugenzi wa kituo cha umeme, Baba Paroko, wakubwa wa kazi na wafanyakazi wote, wakwe zangu mliotoka Butembo, ndugu zangu wa Yanonge, majirani na watoto wetu: nawasalimu, kila mtu kwa heshima yake.

Mimi ni Néhémie, mshonaji wa nguo, mume wa Mama Kahambu ambaye leo anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kutunza mitambo pale kwenye bwawa. Bwana Mkurugenzi amesema kwamba katika miaka hiyo yote hakuchelewa zamu hata mara moja. Ni kweli. Lakini je, mmejiuliza ni nani aliyebaki na watoto wanne, aliyewaogesha, aliyewapikia? Jibu ninalo, na kwa miaka mingi nililificha.

Tulipooana, cherehani yangu ilikuwa sebuleni, na zamu zake hazikujua Jumapili. Tukaongea, tukapatana: anayekuwa nyumbani ndiye anayepika. Basi ni mimi. Kukubali kulikuwa rahisi; kuonekana ndiko kulikonishinda. Nilitwanga pondu, yale majani ya muhogo, chumbani, dirisha nimelifunga, redio nimeifungulia kwa nguvu ili majirani wasisikie kinu. Nguo nilizifua ndani, naye, akirudi amechoka, mafuta ya mashine bado mikononi, alizibeba nje kuzianika ili mtaa useme: tazameni mwanamke mwenye bidii. Wakwe zangu, binti yenu alinibebea uongo huo miaka saba, wala hakulalamika.

Ikafika siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa tatu. Yaya Emile, kaka yangu mkubwa, yule aliyeketi pale na shati la kijani, alikuja na ukoo mzima. Baada ya kula akasimama, akasema:

"Huyu muke wa Néhémie anatumika kazi ya wanaume, na miye sikupenda. Lakini pondu yake iko muzuri sana. Mama Kahambu, aksanti."

Watu wakapiga makofi. Mke wangu naye akasimama.

"Yaya, hii pondu haiko miye nilipika. Ni Néhémie. Miye hata chumvi sikutia."

Yaya akanigeukia. "Alors, Néhémie, weye uko nani mu hii nyumba?"

Nilitoka, nikaenda kuketi nyuma ya nyumba mpaka wageni walipoondoka, na kwa siku tatu sikumsemesha mke wangu. Niliona amenivua nguo mbele ya ukoo. Siku ya nne, kabla ya kwenda zamu, alisimama kando ya cherehani.

"Walisifu kazi yako, jina wakanipa miye," akasema. "Nilichoka kukuibia."

Nikaendelea kukanyaga cherehani, kichwa sikuinua. Lakini siku ile nilishona mkono wa shati mahali pa kola.

Miezi miwili baadaye, Yaya Emile alikuja peke yake. Mke wake, Micheline, alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, na daktari alikuwa amemkataza kubeba wala kutwanga. Yaya alikaa mlangoni, akaulizia bei ya vitambaa, akaulizia mvua. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini:

"Leki, mudogo yangu, ile pondu, unafanyaka aje mpaka haiko na uchungu?"

Nilitoa kinu nje, uwanjani, jua likiwaka. Nilimwonyesha namna ya kuyachemsha majani kwanza, kisha nikampa mchi. Kaka yangu mkubwa akatwanga, jasho likimtoka, nami nikacheka mpaka nikashika mti. Jirani yetu Mama Safi akachungulia juu ya ua.

"Papa Néhémie, leo redio iko wapi?" akauliza. "Siye tunajua tangu zamani. Kinu chako hakikufuataka wimbo hata siku moja."

Miaka saba nilijificha machoni pa watu waliokuwa wakiniona! Nanyi vijana mnaojiandaa kuoana, kazi zenu mtagawana mnavyojua, kwa kuwa nyumba yenu si yangu. Lakini mkishapatana, msipoteze miaka kufunga madirisha.

Kahambu, naomba usimame, watu wakuone. Bwana Mkurugenzi amekushukuru kwa mwanga wa mji, na amefanya vizuri. Mimi nina deni jingine. Siku ya ubatizo uliinuka mbele ya ukoo wangu ukanirudishia jina langu, nami nikakulipa kwa kununa siku tatu. Neno nililopaswa kukuambia siku ile nakuambia leo, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya baba yako na kaka yangu: aksanti, mke wangu.

Nanyi nyote mliomvumilia mshonaji mwenye maneno mengi, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.