Bei Isiyoulizwa

SHANGAZI: Haloo? Nani mwenzangu?

KIDOTI: Mimi, shangazi. Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, bi harusi. Kama ni gauni, limebaki pindo tu. Usinisumbue.

KIDOTI: Si gauni. Ni kazi ya ofisini. Kesho tunawatumia watu maswali ya bei mtandaoni, leo nayajaribu kwako nione kama yanaeleweka.

SHANGAZI: Kwa hiyo mimi ndiye wa kuonja chumvi.

KIDOTI: Hivyo hivyo. Ila kila unachowaza kabla ya kujibu, kiseme. Hata cha kipuuzi. Na mimi siruhusiwi kukukosoa.

SHANGAZI: Leo utanyamaza? Mungu mkubwa.

KIDOTI: [anacheka] La kwanza. "Ukilinganisha na mwaka jana, bei kwa jumla zimepanda, zimeshuka, au ziko palepale?"

SHANGAZI: Bei za nini?

KIDOTI: Siruhusiwi ku—

SHANGAZI: Basi nawaza uzi. Na yule mwenye duka, anapandisha bei huku anakuuliza hali ya watoto. Zimepanda.

KIDOTI: La pili. "Mwaka ujao unatarajia zipande kwa asilimia ngapi?"

SHANGAZI: Mia.

KIDOTI: Mia? Umewaza nini?

SHANGAZI: Kwamba mia ndiyo mwisho wa kuhesabu asilimia. Ingekuwepo zaidi ningesema zaidi.

KIDOTI: Bosi atalia. La tatu. "Kati ya hivi, kipi hakijapanda bei: nauli, sabuni, miwani—"

SHANGAZI: Miwani.

KIDOTI: Sijamaliza.

SHANGAZI: Andika miwani.

KIDOTI: Umewaza nini kabla ya kujibu?

SHANGAZI: Nimewaza... [mtandao unakwaruza] ...yangu ilipovunjika niliuliza bei mara moja. Sijauliza tena. Kwa hiyo kwangu iko palepale.

KIDOTI: Ilivunjika lini?

SHANGAZI: Hilo ndilo la nne?

KIDOTI: Shangazi.

SHANGAZI: Kabla hujaniletea kitambaa.

KIDOTI: [kalamu inadondoka mezani]

SHANGAZI: Haloo? Umekatika?

KIDOTI: Nipo. Gauni umelishonaje?

SHANGAZI: Kwa vidole na kwa sala. Mashine naijua hata nikifumba macho, na sindano ananitungia jirani. Ila pindo ni la mkono. Uzi mweupe, kitambaa cheupe... nalishika, nalitua.

KIDOTI: Ndiyo maana kila nikitaka kuja kulijaribu, una wageni.

SHANGAZI: Ulisema hukosoi.

KIDOTI: Sikosoi. Kwa nini hukuniambia?

SHANGAZI: Ungelipeleka kwa fundi mwingine. Dada zako wote nimewavalisha mimi. Nikuache wewe?

KIDOTI: Hakuna fundi mwingine. Pindo nitashona mimi, wewe unielekeze.

SHANGAZI: Wewe? Kifungo tu kilikushinda. Litakwenda upogo.

KIDOTI: Na liende. Nitalivaa.

SHANGAZI: [anacheka] Haya. Maliza maswali yako.

KIDOTI: Salio linakwisha. La tatu nimelifuta, naweka hili: "Kuna kitu unachokihitaji ambacho umeacha hata kukiulizia bei?"

SHANGAZI: Hapo sasa watu watajibu.

KIDOTI: Anza wewe. Unawaza nini?

SHANGAZI: Nawaza... Jumamosi utasimama mbele yangu, na nitaona weupe tu. Uso wako sitauona.

KIDOTI: Vaa viatu, shangazi.

SHANGAZI: Viatu vya nini?

KIDOTI: Nakuja. Tunaanza duka la miwani, pindo lita—

[Salio limekwisha.]